Nyanya za Ng'ambo ya Mchaichai

Pwa.

Kifuniko cha ndoo kilijiinua kidogo, kikatoa pumzi, kikarudi mahali pake. Nje bado kulikuwa kiza, hata jogoo wa jirani alikuwa hajafungua kinywa. Mzee Pampu alikuwa macho kitandani. Akageuza shingo upande wa jikoni, akasema, "Naam?"

Hakuna aliyemjibu. Ulikuwa mwani tu, aliouloweka mwenyewe ndani ya ndoo ile, unachacha na kutafuta pa kutolea hewa. Lakini katika nyumba ambayo siku inapita husikii mtu akipiga chafya wala akiuliza kiberiti kiko wapi, hata ndoo ikisema pwa unaitika.

Jina la Pampu alipewa na watu wa mtaa. Maisha yake yote ya utu uzima alibeba mgongoni pampu ya kupulizia dawa, akienda shamba hadi shamba kwa kukodiwa. Wadudu wakivamia kabichi za mtu, mtu huyo alikuwa akimkimbilia Mzee Pampu. Alipulizia kila kitu kinachoota, na kazi yake ilisifiwa. Mabega yalipokataa, akaitua pampu, na watu nao wakaacha kumwita.

Hilo halikumsumbua wakati ule, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa. Kila asubuhi kulikuwa na hodi, kila jioni kulikuwa na kicheko uani. Mkewe alipofariki, walikuja wengi zaidi, wakalia naye, wakapika, wakafua hata mapazia. Kisha wakaondoka, mmoja leo, wawili kesho. Mzee akakaa sebuleni akisubiri hodi za kawaida zirudi. Hazikurudi. Ndipo alipoelewa kitu ambacho hakuwahi kukifikiria: wageni wote wale walikuwa wa mke wake. Yeye walikuwa wanamsalimia tu wakipita.

Akaamka, akavaa viatu vya mpira, akachota maji ya ndoo kwa kopo, akatoka nayo kwenda bustanini.

Bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa na sehemu mbili, na katikati ulipita mstari wa mchaichai. Upande wa huku ulikuwa wake, aliulima kwa dawa za dukani. Upande wa kule ulikuwa wa mkewe. Mkewe alikuwa na kifua kibovu, na harufu ya dawa ilimkaba. Kwa hiyo kule ng'ambo ya mchaichai halikudondoka hata tone moja. Mkewe alitumia mwani, ule unaotupwa na mawimbi ufukweni, akiuweka shambani kwa namna zake mwenyewe, na mumewe alimtania kwamba anapikia nyanya mchuzi wa samaki. Miche yake haikujali. Ilizaa nyanya pana zenye mikunjo, kama mto uliokaliwa na mtu mnene, na mbegu yake alitoka nayo kwa mama yake siku alipoolewa. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa nayo.

Mwezi uliopita Mzee aliikuta ile mbegu kabatini, kwenye kichupa cha dawa ya macho. Akaogopa panya, akaogopa ukungu, akaogopa kusahau. Akaipanda yote. Binti yake alipopiga simu kutoka mbali Mzee akamweleza kwa furaha.

"Yote, Baba? Hukuacha hata chache?"

"Niache za nini? Mbegu ni ya kupanda."

"Sawa, Baba. Basi zitunze. Ndicho kitu cha Mama kilichobaki chenye uhai."

Tangu hapo hakulala vizuri. Maana miche iliota, ikapendeza, kisha inzi weupe wakaja, wale wadogo kama vumbi la unga, wakajibandika chini ya majani. Mzee akakimbilia ufukweni akajaza gunia la mwani. Akauloweka kwenye maji ya bahari aliyoyachota palepale, akiona kitu cha bahari kikae ndani ya maji kilimozaliwa. Akainyunyizia miche maji hayo. Inzi wakabaki. Akaongeza. Inzi wakabaki, na majani yakaanza kukauka pembeni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa. Mzee akasema dawa bado haijakolea, akaongeza tena.

Asubuhi hii, kulipopambazuka vizuri, aliiona. Safu nzima ya mwisho ilikuwa imelala chini. Akachuchumaa, akainua mche mmoja kwa kidole. Ukalegea mkononi kama kamba ya kiatu. Kopo lilikuwa bado limejaa kwenye mkono wa pili, na kwa mara ya kwanza hakujua alimwage wapi.

Mwenye duka la dawa za mimea alikuwa ndiyo kwanza anafungua alipomwona Mzee amesimama mlangoni. Walijuana miaka mingi. Akamvutia stuli, akaipangusa kwanza kwa kiganja.

"Mzee wangu! Kaa hapa. Nilidhani umehama. Nani amekufukuza usingizini?"

"Inzi weupe."

"Aa, hao! Hao si wa kukunyima usingizi wewe. Wewe ndiye uliyekuwa unawanyima wao." Akacheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akashusha chupa kutoka rafu ya juu. "Chukua. Usinipe kitu. Umeniletea wateja tangu sina hata mlango."

Mzee akaipokea, maana ukarimu wa mtu haukataliwi machoni pake. Akarudi nyumbani akaenda nayo moja kwa moja mpaka kwenye mchaichai. Akafungua kizibo, na harufu ile ikamvaa. Aliifahamu kuliko harufu ya mwili wake. Na pamoja nayo ikaja sauti ya mkewe akikohoa, amejishika ukuta, huku akimpungia mkono kumwambia si kitu, nenda kaoge tu.

Akasimama hapo muda mrefu, mguu mmoja huku, mwingine ukikataa kuvuka. Inzi hawa angewamaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini hizo nyanya zitakazobaki zingekuwa za nani?

Akafunga kizibo kwa nguvu, akaiweka chupa upande wake, chini ya kivuli. Kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya kabati la nguo akifikiri. Alikuwepo mtu mmoja aliyekaa na mkewe kule bustanini karibu kila asubuhi. Ni yule fundi cherehani wa mtaa wa pili, shoga wa marehemu, mjane naye. Lakini mwanamume mjane anaanzaje kwenda kwa mwanamke mjane bila sababu? Mtaa ungekuwa na la kusema mpaka mwaka kesho. Akatoa shati jeupe, akachukua mkasi, akakata kifungo cha tatu kutoka juu.

Fundi alikuwa barazani kwake, miwani puani, mguu kwenye kanyagio. Cherehani ilinyamaza.

"Shemeji! Karibu. Hata siamini."

"Nimeleta shati. Kifungo kimetoka."

Fundi akalipokea, akalisogeza karibu na miwani. Akaligeuza. Akamtazama Mzee, akalitazama shati tena.

"Shemeji, kifungo hiki hakikutoka. Kimetolewa."

"Kimechoka tu. Shati la zamani."

"Uzi umekatwa sawasawa kama kitovu cha mtoto. Nimeshona miaka mingi, sijaona kifungo kinachojikata kwa mkasi." Akaliweka shati mapajani. Hakucheka, ingawa kicheko kilikuwa karibu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Una nini, shemeji?"

Mzee alikuwa amejikaza tangu msiba. Hakulia makaburini wala mbele ya wanawe. Lakini kuulizwa una nini, na mtu aliyeacha kazi yake ili asikie jibu, kulimwingia mahali pabaya. Akatazama uzi uliomwagika sakafuni.

"Nyanya zake zinakufa," akasema. "Na mbegu nimezipanda zote."

Fundi akavua miwani. Kisha akasimama, akaifunika cherehani kwa kitambaa chake, akachukua mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua la kutisha.

"Tangulia wewe," akasema. "Mimi nakuja nyuma yako. Nikifika nitapiga hodi hadi wasiosikia wasikie, wajue nimefuata nini."

Na kweli. Mzee hajakaa sawa, mara akasikia kutoka langoni sauti iliyowafanya kuku watawanyike.

"Hodi wenyewe! Nimekuja kuangalia nyanya! Nyanya za marehemu! Ziko wapi hizo nyanya?"

"Karibu, ziko huku nyuma!" Mzee naye akapaza sauti, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na koo likamkwaruza.

Mama mmoja wa jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona mwavuli, akaona uso wa Fundi ulivyo, akasema, "Jamani, poleni na nyanya," akarudi kwenye kufua kwake. Yakaisha hapo. Mara nyingi watu ni wema kuliko tunavyowaogopa.

Fundi akazunguka matuta polepole, mikono nyuma. Aliishika miche iliyolala, akaiacha. Akatia kidole udongoni, akakigusisha ulimini. Kisha akasema, "Nionyeshe unachomwaga."

Mzee akamletea ndoo. Pwa, ikasema ilipofunuliwa, na wote wawili wakarudisha uso nyuma. Fundi akachovya kidole, akaonja, akatema mate pembeni kwa adabu.

"Shemeji. Haya ni maji ya bahari."

"Ndiyo. Mwani ni wa bahari."

"Umeuosha?"

"Kuuosha? Si nguvu yote itaondoka?"

"Inayoondoka ni chumvi! Mwenzako alikuwa akiuanika juu ya paa la banda mvua iunyeshee. Kama hakuna mvua, anausuuza kwa maji ya bomba mpaka ukiulamba hausikii kitu. Ndipo anauloweka, na huo mchuzi wake anauchanganya na maji mengi, rangi yake kama chai ya mtu anayebana majani. Na huo mwingine anautandaza chini ya mashina, ardhi isikauke. Hukumwona?"

Mzee akainamisha kichwa. Hakumwona. Saa zile mkewe akisuuza mwani, yeye alikuwa mashamba ya watu na pampu mgongoni. Na akirudi alikaa mbali na upande ule, kwa sababu nguo zake zilikuwa zimelowa dawa. Aliziona nyanya zikizaa kutoka ng'ambo ya mchaichai, miaka yote, kama mtu anayetazama sherehe dirishani.

"Niliona inzi hawasikii, nikaongeza," akasema.

"Ndiyo hapo. Umeutumia mwani kama zile chupa zako. Unamwaga, halafu unangoja uone kitu kimekufa." Fundi akalainisha sauti. "Mwani hauui, shemeji. Inzi hawauogopi hata kidogo. Wenyewe unaulisha mche, mche unapata mwili wa kuvumilia."

"Na inzi aliwafanyaje?"

"Aliwapangusa."

"Aliwapangusa?"

"Kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Jani kwa jani, chini yake. Mimi upande huu, yeye upande ule. Ulifikiri tulikuwa tunafanya nini hapa kila asubuhi? Tunapangusa, tunasengenya."

Mzee akatabasamu bila kutaka. "Mlimsengenya nani?"

"Wewe wa kwanza."

"Mlisema nini?"

"Kwamba unakoroma kama mashine ya kusaga." Fundi akachuma jani lililoungua, akalikunja vidoleni. "Na kwamba tangu umwoe hajawahi kukuambia uoge nje kabla ya kuingia, ila kila siku ulioga nje. Hata baridi ikiwa kali. Nguo unazitundika mbali. Alisema, huyu mtu hasemi, lakini nikimsikia anamwaga maji pale uani najua ananifikiria kifua changu."

Mzee akageuka upande wa mchaichai kama aliyeona kitu huko. Fundi akamwachia. Akaenda bombani mwenyewe, akafungua maji.

Wakafanya kazi mpaka jua likapanda. Walimwagilia maji baridi yasiyo na chumvi, tuta baada ya tuta, ili chumvi izame chini kabisa. Mwani uliobaki kwenye gunia wakausuuza hadi Fundi alipoulamba akakosa la kusema, wakautandaza. Miche iliyokufa waling'oa. Miche iliyobaki ilikuwa michache, mingine bado haijulikani iko upande gani wa maisha. Fundi akapasua kitambaa vipande viwili, kimoja akampa Mzee.

"Sasa nifanye nini?" Mzee akauliza alipomsindikiza langoni.

"Pangusa asubuhi. Maji kidogo jioni."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo unangoja."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Maishani mwake alikuwa mtu wa kumwaga kitu leo na kuonyeshwa matokeo kesho. Sasa hapakuwa na cha kuongeza. Alikuwa akiamka, anapangusa, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama mashina. Upweke wa bustanini ulikuwa mzito kuliko wa sebuleni, maana hapa alijua mahali hasa alipokuwa akikaa mtu. Siku nyingine alijikuta anazungumza, akiwaeleza inzi habari za mtaa. Kisha anasikia sauti yake ilivyo peke yake, ananyamaza.

Miche ikaendelea kupungua. Kila uliokufa aliuzika chini ya mwani, akitamka neno la pole. Yule mwenye duka alipita siku moja na mkate wa moto, akaiona chupa yake chini ya kivuli, haijapungua. Hakuuliza. Akakaa kidogo, akasaidia kupangusa mche mmoja kwa mikono minene isiyozoea, akauvunja tawi, akaomba msamaha kama mara tano.

Hatimaye ukabaki mche mmoja. Mmoja tu, karibu na ukuta, mwembamba, majani yake ya chini yameungua yote. Mzee hakuthubutu kumpigia binti yake simu. Simu ikiita, alisema nyanya zipo, na hakuwa amesema uongo wala kweli.

Halafu asubuhi moja, katika kupangusa, kitambaa kikafika juu kwenye kilele na kukuta kitu laini. Jani. Dogo kama sikio la panya, kijani kibichi, halina hata doa. Mzee akakishusha kitambaa. Akalitazama kwa muda, akaogopa hata kulipumulia.

Mche ule ulikua kwa kiburi. Ulipanda ukuta, ukatoa maua ya njano, na maua yakafunga. Ndipo nyanya ya kwanza ilipoiva, pana, yenye mikunjo, imebonyea upande mmoja vilevile kama zile za mkewe. Mzee akamtumia Fundi salamu kupitia kwa mama jirani wa kwenye ukuta. Fundi akaja bila mwavuli na bila kelele, hodi yake ya kawaida tu, na hakuna aliyechungulia.

Walikaa uani. Mzee akaikata nyanya katikati kwa kisu, na mbegu zikawa zimejaa mle ndani, zimezungukwa na utelezi wake. Wakazitoa kwa kijiko, wakazisuuza, wakazitandaza kwenye sahani.

"Nusu zitakaa kwangu," Fundi akasema. "Wewe ukikabidhiwa kitu kizuri unakimaliza kwa siku moja."

"Chukua. Na binti nitamtumia zake."

"Umemwambia?"

"Nimempigia leo. Akalia, halafu akacheka, halafu akanigombeza. Yote kwa salio la dakika chache."

Nyanya yenyewe wakaila hivyohivyo, bila kitu, juisi ikiwachuruzika vidoleni. Fundi alipomaliza akaangalia kiti kilichokuwa wazi upande wa pili wa meza, Mzee naye akakiangalia, na wote wakajua wanamkumbuka nani. Wakakaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia.

"Haya, shemeji, nguo za watu zinaningoja." Fundi akasimama, akafunga mbegu zake kwenye ncha ya kitambaa.

Mzee akamsindikiza mpaka langoni. Hapo akashika komeo, hakulifungua. Maneno ya kumwalika mgeni arudi alikuwa akiyasema mkewe, tena kwa wepesi, huku anacheka, mgeni akiwa hata hajavaa viatu. Yeye hakuwahi kuyahitaji. Akakohoa.

"Ile nyanya ya pili itaiva wiki ijayo. Labda upite uitazame."

"Nyanya hiyo imeshapona, shemeji. Haihitaji kutazamwa."

"Na majani. Inzi wanaweza kurudi."

"Unapangusa vizuri kunishinda mimi."

Mzee akatafuta sababu nyingine, akapapasa huku na huku, asiipate hata moja. Akafungua komeo. Fundi akatoka, akapiga hatua kadhaa barabarani, na Mzee akamwita kwa sauti, mtaa mzima usikie kama unataka.

"Shemeji! Basi njoo unitembelee mimi. Waite na wale wenzako waliokuwa wanakuja. Njooni tena."